Uhakika wa Daktari na Hofu ya Mzazi

Mzazi aambiwapo kwamba umeonekana uvimbe katika ini la mtoto wake mchanga, hasikii tena maneno yanayofuata. Daktari aweza kuendelea kueleza kwa nusu saa; mzazi amekwisha kusikia neno moja tu, nalo ni saratani, hata kama halikutamkwa. Si ajabu. Habari za saratani zimefika kila kijiji siku hizi, na uvimbe usio saratani hauna wa kuutangaza.

Kwa kweli uvimbe uanzao katika ini la mtoto ni jambo la nadra, na katika hao wachache wanaopatwa nao, yapata theluthi moja hawana saratani. Kwa watoto wachanga, uvimbe wa namna hiyo uonekanao mara nyingi kupita mwingine ni ule uitwao hemanjioma, yaani fundo la mishipa midogo ya damu iliyosongamana. Ni ndugu wa yale mabaka mekundu yaliyotuna ambayo twayaona katika ngozi za watoto wengi. Aghalabu fundo hilo hunywea lenyewe. Basi daktari akiisha kulitambua, mara nyingi tendo lake lililo bora ni kutokukata.

Hapo ndipo lilipo swali tunalotaka kulipima leo, nalo si la madaktari peke yao. Je, daktari awe na uhakika kiasi gani kabla ya kumwambia mama, "Hii si saratani, tutauacha"? Ni rahisi kujibu: awe na uhakika kamili. Jibu hilo lapendeza masikioni. Lakini tukilifuata mpaka mwisho wake, tutaona kwamba laweza kumwua mtoto.

Kwanza neno lenyewe. Madaktari hutumia neno lililotoka katika Kilatini, benignus, ambalo kwa Warumi lilikuwa sifa ya mtu mwema na mkarimu. Sisi tumezoea kulitafsiri mara "uvimbe usio hatari", mara "uvimbe usio na madhara". Tafsiri hizo zapotosha, na twaona yafaa ziachwe. Daktari amesema tu kwamba chembe za uvimbe huo hazivamii nyama za jirani wala hazisafiri kwenda kuota mahali pengine mwilini. Hakusema zaidi ya hapo. Mafundo ya mishipa yakiwa mengi hata kulijaza ini, damu hupita humo kwa wingi na kwa kasi, mpaka moyo wa mtoto huchoka na kushindwa kazi. Tumbo laweza kujaa hata mtoto akashindwa kuvuta pumzi. Tena mwaka 2000 madaktari wa Boston, Marekani, walieleza jambo ambalo lilikuwa halijafahamika: uvimbe huo waweza kuiharibu homoni ya tezi ya thairoidi upesi kuliko tezi yenyewe iwezavyo kuitengeneza, na mtoto anayeikosa homoni hiyo katika miezi yake ya kwanza huwa hatarini kudumaa akili. Saratani hakuna hata chembe, na mtoto yu katika hatari. Asemaye "usio saratani" amesema kweli. Asemaye "usio hatari" ameongeza neno ambalo bado hajalipima.

Sasa, daktari ajuaje? Tuseme ameletewa mtoto wa miezi mitatu. Ananyonya vema, ngozi yake ina mabaka mekundu sita, na ini lapapasika chini ya mbavu. Mabaka yenyewe ni shahidi: wataalamu hushauri kwamba mtoto mchanga mwenye mabaka matano au zaidi apimwe ini hata kama tumbo halijavimba. Hupimwa kwa ultrasaundi, ambayo haina mionzi wala maumivu, na mtoto aweza kunyonya huku akipimwa. Kipimo hicho huonyesha ukubwa wa fundo, idadi ya mafundo, na jinsi damu inavyokwenda mbio ndani yake. Ikihitajika, mtoto hupigwa picha kwa mashine kubwa zaidi, akiwa amedungwa dawa ya kung'arisha mishipa. Katika hemanjioma dawa hiyo mara nyingi huonekana kwanza pembeni mwa fundo, kisha huingia katikati polepole, mfano wa maji yaingiayo katika jaruba la mpunga.

Tena hupimwa damu, na hapa twaomba msomaji atuvumilie kidogo, kwa maana jambo lenyewe lina mafunzo. Mwaka 1963 mtaalamu wa Kirusi, Garri Abelev, pamoja na wenzake, aliikuta katika panya wenye saratani ya ini protini ambayo kwa desturi ni ya kiumbe kilicho tumboni mwa mamaye. Mwaka uliofuata Yuri Tatarinov aliikuta katika damu ya binadamu mwenye saratani hiyo. Tangu hapo protini hiyo, alfafetoprotini, imekuwa shahidi mkuu. Katika watoto kumi wenye hepatoblastoma, ambayo ndiyo saratani ya ini iwashikayo zaidi watoto wadogo, tisa hivi huwa nayo kwa wingi katika damu. Lakini mtoto mwenye afya kamili naye huzaliwa nayo kwa wingi mno, makumi elfu ya nanogramu katika kila mililita, hali mtu mzima kwa kawaida hafikishi hata kumi. Hushuka siku kwa siku, ikafikia kiwango cha mtu mzima karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza. Basi hesabu ile ile ambayo kwa mtoto wa wiki mbili si kitu, kwa mtoto wa miaka miwili ni mbiu ya hatari. Na kinyume chake, ziko saratani chache za ini ambazo karibu hazitoi protini hiyo kabisa. Asomaye karatasi ya maabara pasipo kuuliza umri wa mtoto amesoma nusu ya karatasi.

Mashahidi hao wakikubaliana wote, umri na ngozi na picha na damu, je, daktari amejua? Hajajua kwa namna tujuavyo kwamba mbili na mbili ni nne. Lakini Aristoteli alikwisha kufundisha kwamba mtu aliyeelimika hudai katika kila jambo usahihi ule tu ambao jambo lenyewe laweza kuutoa. Walimu wa maadili waliomfuata walionyesha kwamba kati ya uhakika kamili na kudhani kutupu kuna uhakika mwingine, nao wakauita uhakika wa kimaadili. Papa Pio wa Kumi na Mbili, akisema na mahakimu wa mahakama ya Rota tarehe 1 Oktoba 1942, aliueleza kuwa ni uhakika unaoondoa kila shaka yenye msingi, ingawa hauondoi uwezekano mtupu wa kinyume chake. Alikuwa akisema habari za hukumu, si za ini. Lakini hakimu na daktari wote wawili yawapasa kutenda, wala hawawezi kungoja mpaka siri zote zifunuliwe ndipo waseme.

Shaka yenye msingi ni ile iliyo na jambo la kuonyesha: umri usiolingana, protini inayopanda badala ya kushuka, fundo linalokua pale ambapo lingenywea. Shaka tupu haina cha kuonyesha, husema tu, "Lakini je, kama ndiyo?" Mzazi hukeshwa na shaka hii ya pili, naye husema, "Daktari, mtoeni tu kitu hicho, nipate usingizi." Twamwelewa. Hata hivyo na tuangalie analoliomba. Sindano ya kuchukua kipande ndani ya fundo la mishipa yaweza kufungulia damu isiyozuilika kwa urahisi. Picha za mionzi zikirudiwarudiwa huongeza kidogo hatari ya saratani ya baadaye, na mwili wa mtoto huathirika nayo kuliko wa mtu mzima. Mashine ya sumaku haina mionzi, lakini yataka mgonjwa atulie muda mrefu. Mtoto hatulii, basi mara nyingi hulazwa kwa dawa ya usingizi, nayo ina hatari zake. Kukata ini la mtoto mchanga ni kazi kubwa hata katika mikono iliyo hodari. Kila hatua ya kuongeza uhakika ina bei yake, na anayeilipa si mzazi wala daktari. Ni mtoto, asiyeulizwa.

Katika nchi zetu kuna sababu nyingine tena ya kutokimbilia sindano. Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, yajulikana duniani kwa ugonjwa wa vifuko vya maji katika ini, uletwao na minyoo ya mbwa. Kifuko cha namna hiyo kikichomwa ovyo na mtu aliyedhani ni uvimbe tu, maji yake yakamwagika tumboni, yaweza kumzimisha mgonjwa pale pale, au kupanda mbegu za vifuko vipya. Kifuko hicho nacho si saratani.

Lakini tusieleweke vibaya. Wako watakaolichukua neno hili la uhakika wa kimaadili na kulifanya mto wa kulalia. Tuseme sasa ameletwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Ngozi yake ni safi, haina baka. Fundo ni moja, gumu, nalo limekua katika muda wa miezi miwili. Protini imepanda sana. Hepatoblastoma huwashika hasa watoto walio chini ya miaka mitatu, basi umri wenyewe wapaza sauti. Hapa shaka ina msingi wa mwamba. Daktari akimwambia mama arudi baada ya miezi mitatu, hakutumia busara. Amefunika uvivu kwa nguo ya busara. Sindano ambayo kwa mtoto yule wa kwanza ingekuwa ukatili, kwa huyu wa pili ni deni, na iwe katika mikono ya wanaojua kuitumia. Katika nchi zenye uwezo, yapata watoto wanne katika watano wenye saratani hiyo hupona kwa dawa na kwa kukatwa. Miezi mitatu ya kungoja bure humwibia mtoto fungu lake katika hesabu hiyo.

Tena uko uvimbe uitwao hamatoma, wenye vifuko vya maji, ambao huonekana zaidi kabla ya miaka miwili. Nao si saratani. Lakini huendelea kukua, na mara chache sana umegeuka kuwa saratani, kwa hiyo kwa kawaida hukatwa wote na kuondolewa. Hivyo jina moja la "usio saratani" lafunika ulio wa kuachwa na ulio wa kutolewa. Daktari aliyefika kwenye jina hilo akaketi, amekomea njiani.

Huku kwetu tumbo la mtoto lililovimba lina washtakiwa wengi: bandama iliyokuzwa na malaria, minyoo, kichocho, utapiamlo. Aghalabu mmoja wa hao ndiye mwenye hatia, na si kosa kuanza nao. Kosa ni kutoa dawa ya minyoo mara tatu mfululizo pasipo kuliweka tumbo chini ya mkono na kulipapasa. Wala si haki kuwadharau wazee wanaompeleka mtoto kuchanjwa chale tumboni. Wameona kitu kweli, tena pengine kabla ya wengine wote, nao wametenda kwa elimu waliyo nayo. Bibi anayemwogesha mtoto kila siku huijua ngozi yake na tumbo lake kuliko daktari aliyemwona mara moja. Akisema, "Fundo hili halikuwapo mwezi uliopita," huo ni ushahidi, nao uandikwe.

Turudi kwa mtoto yule wa kwanza. Daktari amesema, "Hemanjioma, tutaiangalia." Mzazi husikia: hatutafanya kitu. Jirani husikia: hospitali imeshindwa. Kumbe kuangalia ni tendo, tena tendo lenye sheria zake. Mtoto apimwe tena kwa ultrasaundi, mara kwa mara katika miezi ya kwanza ambapo mafundo ya mishipa hukua, kisha kwa nafasi zaidi yakianza kunywea. Moyo usikilizwe. Damu ipimwe homoni ya thairoidi, hasa ikiwa mafundo ni mengi. Fundo lililo moja, ambalo mara nyingi mtoto huzaliwa nalo, hupungua sana katika mwaka wa kwanza au mwaka na nusu. Lisipopungua, ile shaka iliyokuwa tupu imepata msingi, na swali lifunguliwe upya. Uhakika wa kimaadili haupatikani siku moja ukawekwa kabatini. Daktari huulipia kila mtoto arudipo.

Tena kungoja kwa namna hii kumepata msaada ambao waliotutangulia hawakuwa nao. Zamani watoto waliozidiwa na mafundo hayo walitibiwa kwa dawa nzito. Mojawapo, interferoni, baadaye ilionekana kuwaachia baadhi yao ulemavu wa miguu. Wengine walifungwa mishipa ya ini, au kukatwa. Waganga hao hawakuwa watu wabaya. Zana walizokuwa nazo ndizo hizo. Mwaka 2008 Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza habari waliyoipata pasipo kuitafuta. Walikuwa na mtoto mwenye hemanjioma ya pua. Moyo wake ukapata matatizo, wakampa propranololi, dawa ya moyo iliyojulikana tangu miaka ya 1960. Kesho yake fundo lilikuwa limebadilika rangi na kulainika. Leo dawa hiyo ndiyo hutangulia kwa hemanjioma zinazohitaji matibabu, pamoja na zile za ini. Yaweza kushusha sukari katika damu ya mtoto, kwa hiyo mtoto anayeitumia asikae muda mrefu bila kunyonya, na akiugua akakataa chakula, mama amwulize daktari kabla ya kumpa tena. Jambo hilo aambiwe mama waziwazi, kwa lugha anayoitumia nyumbani, naye alirudie kwa kinywa chake kabla ya kuondoka.

Maana katika jambo hili maneno yenyewe ni sehemu ya tiba. Daktari anayesema "Usiwe na wasiwasi" amempa mama zawadi isiyo yake kuitoa; mama huyo atapumua, atakwenda kwake, na pengine hatarudi. Daktari anayesema "Yaweza kuwa saratani, yaweza isiwe" akanyamaza, amejitakasa yeye na kumtwika mama mzigo mzima. Mama anadaiwa maneno mengine: nini kimeonekana, kwa nini hatudhani ni saratani, kipi kikitokea tutabadili shauri, na siku gani arudi. Maneno hayo hayahitaji mashine. Tumeyasikia yakisemwa vizuri na tabibu wa zahanati, na tumeyakosa katika ofisi zenye mazulia.

Mashine nazo hazikugawanywa sawa. Ultrasaundi imefika katika hospitali nyingi za wilaya. Mashine ya sumaku na daktari wa saratani za watoto wako katika miji michache. Je, tabibu wa wilaya, mwenye picha moja na mikono yake miwili, aweza kuufikia uhakika tuliousema? Pengine, kwa mtoto wa miezi mitatu mwenye mabaka sita, atausogelea sana. Kwa yule wa mwaka na nusu hawezi, na uaminifu wake wote ni katika kulikubali hilo siku ile ile na kuandika barua ya rufaa. Barua yenyewe isiseme tu "uvimbe tumboni". Iandikwe umri wa mtoto kwa wiki au miezi, hesabu ya mabaka ya ngozi, upana wa fundo kwa sentimita, tarehe lilipoonekana kwanza na nani aliliona, ili anayeipokea asianze upya na asidanganywe na hesabu za maabara.

Kisha iko nauli. Mtoto akifa, michango hupatikana kabla ya jua kutua. Turubai huletwa, sufuria huletwa, na daftari la majina hujaa. Mtoto akitakiwa kukatwa, hata hapo watu hutoa. Lakini mtoto mwenye fundo linalonywea, anayecheka mgongoni mwa mamaye, anayepaswa kusafiri kwa basi mara nne au tano katika mwaka ili aambiwe kila mara kwamba limepungua kidogo, huyo haonekani kuwa mgonjwa, wala hakuna daftari linalofunguliwa kwa ajili yake. Mama hurudi mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu ni msimu wa kulima, na mtoto yu mzima, na daktari si alisema si saratani? Katika kila jumuiya yuko mweka hazina, na kwake hubaki fedha kidogo baada ya kila msiba.